Kisagio cha Nyamizi

Mwabulili, Shinyanga
9 Juni 2024

Mdogo wangu Makoye,

Ng'wangaluka. Usishangae kupata barua zama hizi. Mwezi uliopita nimekupigia simu mara tatu, na kila nikilitaja Jiwe unasema mtandao unasumbua, halafu unakata. Barua haikatwi. Labda uichane, na ukiichana utakuwa umeshaisoma. Nimempa kondakta wa basi la Geita, ambaye anamfahamu rafiki yako Herman, na Herman atakufikishia hapo kwenye karasha lenu la kusaga mawe Nyarugusu.

Sisi wazima, isipokuwa macho ya baba. Daktari aliyekuja zahanati amesema ni mtoto wa jicho, kulia na kushoto. La kushoto limeshafunga, la kulia linaona vivuli tu. Hospitali ya Kolandoto wanatoa, ni kulala siku chache, lakini ameonya kwamba likiachwa sana linaweza kuleta presha ndani ya jicho, na hapo hakuna wa kulirudisha. Jumatatu baba amemmiminia Katekista Thobias uji mapajani akidhani ndipo kilipo kikombe. Katekista akasema asante.

Kolandoto si mbali, hata bajaji inafika. Lakini unamjua baba. Amesema halali nje ya Mwabulili kabla Jiwe la Nyamizi halijapigwa kumuaga, Jiwe halipigwi bila kisagio, na kisagio unacho wewe.

Sikuandikii kukusuta. Ulikuja na Herman, Herman akakinyanyua akasema jiwe dogo lenye uzito huu halikosi dhahabu, kulipokucha ninyi hampo na kisagio hakipo. Mwaka ule mvua ikagoma. Baba, kwa kuwa ndiye mtunzaji wa Jiwe kama babu alivyokuwa, akasimama mbele ya watu akasema usikanyage Mwabulili mpaka ukirudishe. Ni miaka kumi na moja sasa. Jiwe halijalia hata siku moja. Juliana wangu ameolewa Kahama hakupigiwa, vijana wameenda jeshini hawakupigiwa. Tunaondoka hapa kama kuku wanaotoroka bandani.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kirudishe, ili baba akubali kwenda kutibiwa.

Ni mimi dada yako, ninayekukumbuka kuliko ninavyokukasirikia,
Scolastika


Nyarugusu, Geita
21 Juni 2024

Dada Scolastika,

Shikamoo. Barua imefika na alama ya kidole chenye mafuta, nadhani kondakta alikuwa anakula sambusa. Nimeisoma mara mbili. Sikuichana.

Habari ya macho ya baba imenikaa vibaya. Mimi namkumbuka akihesabu ng'ombe wakiwa bado ng'ambo ya bonde, na anamtaja kila mmoja kwa jina.

Kisagio ninacho, usiwe na wasiwasi. Kimo kwenye begi chini ya kitanda, kimefungwa vizuri. Nitakituma. Ila nataka kwanza nikitafutie kasha zuri, na fundi wa makasha yuko mbali kidogo, inabidi nimwambie vipimo kwa mdomo. Wewe ni fundi cherehani, jicho lako halisahau. Hivi ukubwa wake ulikuwa kama wa nini vile? Na kilikuwa na alama yoyote? Nauliza kwa ajili ya kasha tu.

Huku kazi ni ileile. Asubuhi tunawasha karasha, mawe yanaingia, unga unatoka, jioni tunafanana wote kwa vumbi hata Loveness huniuliza jina kabla ya kunifungulia. Wifi yako anakusalimu sana.

Mdogo wako asiyekata simu tena,
Makoye


Mwabulili
2 Julai 2024

Makoye,

Mtu mwenye kitu chini ya kitanda huinama akakitazama, haandiki barua Shinyanga kuuliza kikoje. Lakini nimejisemea labda ni mgongo, maana kazi yenu ni ya kubeba. Basi nakueleza.

Ukubwa wake ni kama kichwa cha mtoto mchanga. Cheusi. Upande mmoja kimelika, kimekuwa bapa na laini, kwa sababu kilisagia mtama kabla hakijapiga Jiwe. Na kina mstari mweupe umekizunguka, mwembamba kama uzi namba arobaini.

Au umesahau na hadithi yenyewe? Mayu wetu aliyetuzaa, Mungu amrehemu, alitusimulia tukimenya karanga. Nyamizi alikuwa na mwana mmoja, akaenda na wapagazi pwani. Ukaja mwaka wa vumbi, mtu haoni mkono wake. Nyamizi akaacha kusaga, akachukua kisagio chake, akapanda kwenye ule mwamba, akaupiga ili mwanawe asikie nyumbani ni upande gani. Mwamba ukalia kama chuma. Akapiga kila siku, na siku moja akasikia kutoka upande wa pili wa mwamba mtu naye anaupiga, mara mbili. Ndiyo maana anayeondoka hupigiwa mara moja na anayerudi hupiga mbili. Na ndiyo maana hakuna anayethubutu kulipiga kwa jiwe jingine. Wazee wanasema ni sawa na kumwita mama wa watu kwa jina la mbwa. Wanasema pia bila kisagio chake halitoi sauti, liko bubu tu.

Baba kila alasiri anakwenda pale kwa kupapasa miamba. Anaingiza mkono kwenye kishimo kilimokuwa kisagio, anakikuta kitupu, anarudi. Nikimwambia kishimo hakiwezi kuzaa, ananijibu kwamba anazoeza miguu.

Harakisha hilo kasha.
Scolastika


Nyarugusu
15 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Kasha limeshindikana. Nimekiweka ndani ya ndoo ya dagaa, chini kabisa, nimekiviringisha kwenye sweta langu la zamani. Dagaa ni wenu, wa Mwanza, wameanikwa vizuri.

Mstari mweupe usiusugue, umekuwa laini kwa sababu ya unyevu wa huku. Na baba asikishikeshike sana, atachoka mikono. Kiweke tu mahali pake.

Mwambie tu nimekirudisha. Kama atauliza kitu kingine, mwambie mimi mzima.

Makoye


Mwabulili
29 Julai 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Wabeja. Asante sana. Sijui nianzie wapi, na cherehani nimeifunika leo ili niandike kwa raha.

Ndoo ilifika Alhamisi. Nilimpa baba kisagio mkononi akiwa amekaa mlangoni. Alikishika muda mrefu, akakigeuza, akakipima uzito, akakinusa. Nikamwuliza, ndicho? Akasema, "Makoye amekileta?" Nikasema amekituma kwa kondakta. Akainuka, akasema, "Haya. Twende."

Watu walikuja bila kuitwa. Mzee Mageni alikuja na kiti chake, akijua kwetu viti havitoshi. Nilidhani baba atatoa hotuba, maana unajua anavyopenda kuanzia enzi za babu. Wapi. Alipanda kwa kushikwa mkono, akatafuta kwa kiganja pale Jiwe lilipolika, akapiga mara moja kujiaga mwenyewe.

Makoye, lililia. Lililia vilevile, ile sauti ndefu inayotoka kama kengele iliyozikwa udongoni. Mbuzi waliinua vichwa. Watoto wa chini ya miaka kumi na moja hawakuwa wamewahi kulisikia, wengine walikimbia. Mimi nililia wazi wazi mbele ya watu, na baba naye alilia, akasingizia macho yake mabovu.

Jumamosi ya wiki ijayo tunampeleka Kolandoto. Wataanza na jicho la kulia. Amefurahi, anasema wakifungua bandeji, jambo la kwanza akirudi ni kupanda akakitazame kisagio kwa macho yake mwenyewe. Sasa amri ile imekwisha, Makoye. Umekirudisha. Njoo siku akitoka hospitali, akuone na wewe.

Mwenye furaha hadi aibu,
dada yako Scolastika


Nyarugusu
7 Agosti 2024

Dada Scolastika,

Shikamoo. Kaa chini kabla ya kuendelea.

Kile si kisagio. Kisagio nilikisaga mimi mwenyewe, siku ya tatu baada ya kufika huku na Herman. Tulikiingiza kwenye karasha mchana, tukaosha unga wake kwenye beseni. Hakikutoa dhahabu hata ya kujaza ukucha. Herman akacheka, akasema haya, tumejaribu. Mimi sikucheka. Nilijua palepale nimefanya kitu kisichoshoneka.

Nilipopata barua yako niliona bora niseme ninacho kuliko niseme nilikisaga. Wiki mbili nilikuwa natafuta kwenye rundo la mawe ya karasha, nikitoka kazini nabaki pale nayapima kwa mkono, Loveness akidhani nimerukwa na akili. Nililipata lile. Upande wa bapa nimeulainisha kwa kusugua. Mstari mweupe ni rangi ya kucha ya Loveness.

Ulivyoandika kwamba Jiwe limelia niliusoma mstari huo mara tatu. Sielewi lililiaje. Nilidhani litabaki kimya, mtasema limenuna, basi. Sasa baba anakwenda kufunguliwa macho na kitu cha kwanza anataka kutazama ni rangi ya kucha. Nakuomba ukitoe kabla hajarudi. Kitupe, sema kimeibwa, sema lolote. Mimi siwezi kuja. Nitamtazamaje mtu aliyepata macho kwa uongo wangu?

Nisamehe kama unaweza. Nilitaka aende tu hospitali.

Makoye


Hospitali, Kolandoto
12 Agosti 2024

Kwa mwanangu Makoye Luhende,

Mimi ni baba yako Luhende. Anayeandika ni binti Paskalina, anamwuguza mama yake wodi ya jirani. Nimemwambia aandike kama ninavyosema asinirekebishe. Scolastika amekwenda kununua maandazi, kwa hiyo tunaandika haraka. Sitaki ajue haya, amefurahi mno na mimi sitaki kumharibia.

Jicho la kulia wamelifungua jana. Naona. Nimeona mkono wangu umezeeka, nilikuwa sijui umefika hapa.

Sasa sikiliza. Lile uliloleta si kisagio. Nilijua tangu Alhamisi ile, liliponigusa mkononi. Lile la zamani lilikuwa na uzito wa bata, hili la kuku. Na linanuka ile dawa wasichana wanayopaka kucha. Ulidhani nimepofuka na pua?

Sikusema. Usifikiri nilinyamaza kwa wema. Nilinyamaza kwa sababu mimi si mtu wa kumsema mwingine.

Nilipokuwa kijana, kabla sijamwoa mama yako, nilikuwa na ng'ombe karibu na lambo la kunyweshea. Fisi akaja mchana, akamkabili ndama. Nilikuwa natoka kwenye Jiwe, na kisagio nilikuwa nimekitia kwenye mgolole wangu wa begani, nikicheza nacho kama mjinga. Nikamrushia fisi. Sikumpata, kikatumbukia lamboni. Nilipiga mbizi mpaka jua linazama. Sikukiona tena, na fisi wala hakukimbia mbali, alikaa akinitazama.

Nikaenda mtoni nikaokota kingine. Kilikuwa cheusi, kina mstari mweupe wake wa kuzaliwa nao. Nikakiweka kishimoni. Siku ya pili babu yako akapiga, Jiwe likalia. Babu yako amekufa akiamini ni chenyewe, na nani anajua yeye alikiokota wapi.

Kwa hiyo ulichosaga wewe ni jiwe la mtoni. Nyamizi hajawahi kulishika. Na mimi nilijua siku zote kwamba Jiwe linalia kwa jiwe lolote. Siku nilipokufukuza nilijua. Mvua ilipogoma nilijua. Ningeweza kuokota kokoto lolote nikapiga, watu wakaondoka na baraka zao, na wewe ukarudi nyumbani. Niliogopa wataniuliza nimejuaje. Nikaona afadhali mwanangu awe mwizi kuliko mimi niwe mwongo. Nimekaa gizani na neno hilo. Binti Paskalina ameacha kuandika, anafuta macho. Andika, mama.

Nilimwambia dada yako sitoki mpaka kirudi. Nilidhani utakileta kwa mkono wako. Nilitaka mkono, nikaletewa ndoo ya dagaa.

Njoo. Beba jiwe lolote la huko, ila ulibebe wewe mwenyewe, usimpe kondakta. Na ufuate utaratibu. Ulipoondoka hukupiga, kwa desturi yetu bado hujaondoka. Kwanza utapiga mara moja, uage. Kisha uzunguke mpaka upande wa pili, upige mbili, urudi. Ukichanganya nitakurudisha uanze upya.

Tulikuita Makoye, shida, kwa sababu ulizaliwa mwaka mbaya. Haikuwa amri.

Baba yako,
Luhende

(Mimi Paskalina naongeza bila ruhusa. Kaka, mzee kila mgonjwa mpya akiingia wodini anainua kichwa kutazama mlangoni. Njoo.)


Mwabulili
1 Septemba 2024

Wifi yangu Loveness,

Hujambo na watoto? Nakuandikia wewe kwa sababu mume wako amelala tangu jana mchana kama aliyetoka vitani, na simu yake imezima, na najua huko unahangaika. Amefika. Mzima.

Kwanza ucheke. Mimi nilipopata barua yake ya tarehe saba nilikwangua rangi yako ya kucha kwa wembe wa cherehani, nikajiapiza baba hatajua kamwe. Baba naye hospitali alikuwa anafanya siri ili nisijue. Tumekaa wiki nzima wodini tunalindana. Aliporudi alipanda kwenye Jiwe, akakitazama, akateremka, akaniuliza taratibu, "Scolastika, mstari umeupeleka wapi?" Hapo ndipo tukaambiana yote. Nilimkasirikia siku mbili, nikampikia bila kumwongelesha. Kisha Jumapili, ibada ilipokwisha, alisimama akawaambia watu habari ya fisi na lambo, kwa sauti yake mwenyewe. Wapo walioguna. Mzee Mageni alisema hata yeye amewahi kulipiga kwa jiwe la kawaida siku moja alipolewa, akadhani kulia kule ni pombe. Hakuna aliyejua acheke au akasirike.

Sasa jana. Makoye hakupita njia kuu, wala hakuniambia siku. Tulikuwa uani, mimi na baba, saa nne hivi, ninasonga ugali mapema kwa sababu vijana wa kuvuna pamba walikuwa wanakuja. Tukasikia Jiwe. Mara moja.

Baba akasema, "Ameaga."

Tukangoja. Kulizunguka lile Jiwe ni dakika mbili, tatu kwa mtu mzembe. Zikapita kumi. Ugali ukashika chini ya sufuria na sikuuondoa. Baba alikuwa ameshika magoti yake, jicho la kushoto lina bandeji mpya ya upasuaji, la kulia linatazama njia. Zikapita nyingine. Nikawaza, ameaga kweli, amerudi stendi. Wifi, nilimwona baba yangu akizeeka pale kwenye kigoda. Akasema, "Ni haki yake."

Makoye anasema alikaa upande wa pili na lile jiwe la Nyarugusu mapajani, alilolipakata njia nzima mpaka abiria wakamwuliza kama ni dawa. Anasema hakujua kama bado anaruhusiwa kurudi.

Kisha lililia. Moja. Baba akainua kidole, nisimsemeshe. Ikaja ya pili.

Nilidhani atainuka aende kumlaki. Hakuinuka. Alitazama sufuria yangu inayofuka moshi, akapangusa uso kwa kiganja, akasema, "Huo umeungua. Songa mwingine, mtoto amerudi."

Wifi yako,
Scolastika